Boriti Moja, Vitengo Vinne: Kisa cha Mwanafunzi wa Lamu Katika Maktaba ya Chuo Kikuu

Kisa hiki kilitokea katika maktaba ninayofanyia kazi. Lawama zilizomo ni zetu sisi wakutubi, na fungu langu si dogo. Chuo chenyewe sitakitaja, kwani wenzangu wengi wanajitahidi, na tatizo nitakaloeleza nimelikuta pia katika maktaba nyingine nilizopata kuzitembelea.

Mwanafunzi ni binti wa Lamu, mtaa wa Langoni, anayesoma shahada ya uzamili huko bara. Mada yake ilikuwa imepitishwa: maisha ya jamaa za wakataji wa boriti za mikoko tangu Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka wa 1982. Kabla ya hapo majahazi yalipakia boriti Lamu na kwenda nazo Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Babu yake mzaa mama aliikata miti hiyo tangu ujana wake. Binti alipewa wiki mbili aandike sura ya mapitio ya maandishi, akaja maktabani Jumatatu asubuhi na daftari jipya.

Jumatatu alikwenda kitengo cha Sayansi, akaulizia mikoko. Akapewa vitabu vya ikolojia na mimea, vinavyoeleza mizizi, chumvi, kaa na matope. Aliposema anatafuta habari za biashara, akaelekezwa kitengo cha Jamii na Sheria. Huko, siku ya Jumanne, alikuta biashara ya nje ya Kenya ni chai, kahawa na pareto, na sheria za misitu zikizungumza habari za milimani. Mkutubi wa hapo, mtu mpole, akamwambia habari za majahazi ni historia, apande juu. Jumatano, kwenye kitengo cha Lugha, Historia na Sanaa, alipata vitabu vizuri juu ya biashara ya pepo za msimu, ila boriti zilitajwa mstari mmoja mmoja tu, baina ya pembe za ndovu na mtama. Akaambiwa mambo ya miti yako kitengo cha Kilimo na Misitu. Alhamisi alikuwa huko, na alichopata ni kitabu kimoja cha namna ya kupanda miche ya mikoko.

Ijumaa alifunga mkoba, akapanda basi la kwenda Mokowe, akavuka kuja kwao.

Nilichokuja kukiona baadaye, na kikanikosesha usingizi, ni daftari za madawati. Katika maktaba yetu kila dawati la marejeo huandika maswali liliyoulizwa na kuweka alama kuwa yamejibiwa au hayakujibiwa. Swali la binti huyu limeandikwa mara nne, kwa hati za watu wanne, na mara zote nne limewekwa alama ya kujibiwa. Hakuna aliyeandika uongo. Kila mmoja alimpa alichonacho, akamwonyesha pa kwenda. Ukisoma ripoti ya mwezi ule utaona maswali manne yaliyohudumiwa vyema.

Mimi nilikuwa likizo nyumbani, Mkomani. Alikuja jioni baada ya alasiri, akaleta salamu za babu yake.

"Asalaam aleikum, ami."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Ndoo, keti."

Akakaa kwenye baraza la daka, yaani ukumbi wa mlangoni, akanieleza siku zake nne, bila ya kulalamika. Mwisho akaniuliza: "Ami, basi hakuna aliyeandika habari zetu?" Najua kuwa yameandikwa mengi. Mengine niliyapokea kwa mikono yangu yakiingia maktabani. Nikawasha laptopu, tukafungua katalogi yetu.

Alianza yeye. Akaandika *boriti*. Hakuna kitu. Akaandika *mikoko*, kikatoka kitabu kimoja cha hadithi cha shule za msingi. Akaandika *majahazi*, hakuna. Nikamwomba aniachie, nikaandika jina la Kiingereza la mikoko, na jina la Kiingereza la majahazi, na orodha ikajaa ukurasa. Alinyamaza akiitazama. Yeye ni msomi, Kiingereza anakijua vizuri, na katika kitengo cha Sayansi alikuwa ametumia neno hilohilo. Lakini alipokuwa akitafuta habari za watu wake alitafuta kwa maneno ya watu wake, kama ambavyo ningefanya mimi.

Tukafungua rekodi moja, ya kitabu kuhusu nyumba za mawe za Lamu. Vichwa vya somo, yaani maneno rasmi yanayosema kitabu kinahusu nini, vilikuwa vitatu: usanifu majengo wa Kiislamu, nyumba za Kenya, na Lamu kama mahali. Vyote kwa Kiingereza, kama vilivyoandikwa kwenye maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, maana maktaba zetu nyingi hunakili rekodi kutoka huko ili zisirudie kazi iliyokwisha kufanywa. Nakifahamu kitabu hicho. Kina kurasa kadhaa zinazoeleza kwamba upana wa chumba cha nyumba ya Lamu umeamuliwa na urefu wa boriti. Boriti ya mkoko haibebi dari salama ikizidi kama mita tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Nikamwambia atazame juu, ndani ya ukumbi. Boriti zimepangwa moja baada ya nyingine, shubiri chache baina yake, na juu yake mawe na chokaa. Kwa mwanafunzi anayeandika juu ya boriti, kitabu kile ni ushahidi wa kwanza wa kwa nini mti huu ulikuwa na thamani. Kimekaa kwenye rafu zenye herufi NA, za usanifu majengo, na katika rekodi yake yote hamna neno boriti wala neno mikoko kwa lugha yoyote.

Hapa inafaa nieleze tulivyojipanga, maana msomaji asiye mkutubi anaweza kudhani ni uzembe tu.

Maktaba yetu hutumia uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, mpango ulioanza kuundwa mwaka wa 1897. Maarifa yote yamegawanywa katika madaraja 21 yenye herufi: H ni sayansi za jamii, K sheria, N sanaa, Q sayansi, S kilimo na misitu, na kadhalika. Mpango ule uliundwa kwa ajili ya vitabu vilivyokuwamo katika maktaba ile, si kwa ajili ya ulimwengu mzima, na alama zake zinaonekana. Kiswahili, lugha yenye tungo za karne kadhaa kutoka Pate, Siu na Lamu, kimepewa nafasi ndani ya PL, kuanzia 8701, pamoja na lugha za Asia ya Mashariki, za Oseania na nyingine za Afrika. Historia ya Kenya iko DT 433.5. Mikoko yenyewe, ukiifuata, utaikuta QK kama mmea, QH kama makazi ya viumbe, SD kama msitu. Majahazi ni VM. Bei na soko ni HD na HF.

Juu ya herufi hizo tumejenga vitengo vinne, kila kimoja na ghorofa au ubavu wake, wakutubi wake na dawati lake. Mtindo wa kuigawa maktaba ya chuo kwa masomo ulishika nguvu Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, Chuo Kikuu cha Colorado kikiwa miongoni mwa waliotangulia. Nia yake ilikuwa njema na mimi naitetea hadi leo. Kabla yake maktaba iligawanywa kwa kazi tu, wa kununua, wa kuorodhesha, wa kuazimisha, na msomaji wa kemia aliulizia kwa mtu asiyejua kemia. Kwa mgawanyo wa masomo, mkutubi hukaa karibu na vitabu vya fani anayoijua, akawajua walimu wake na majarida yake. Mwanafunzi wa sheria akija kwetu na swali la sheria hutoka ameshiba.

Kilichotuponza ni kwamba mgawanyo wa kazi haukuondoka. Uliendelea chini kwa chini. Vitengo vinne vina madawati, lakini vitabu vinaorodheshwa mahali pamoja, chumba cha nyuma kwenye ghorofa ya chini, na wanaoorodhesha hawakutani na wasomaji. Wa dawatini husikia maneno ya wasomaji siku nzima ila hana idhini ya kugusa rekodi. Mwenye idhini ya kugusa rekodi hayasikii maneno hayo. Neno boriti lilitamkwa mbele ya wakutubi wanne kwa siku nne, na liliishia dawatini kila siku. Nikipima sababu zote za kisa hiki, hii ndiyo naiona kubwa kuliko nyingine, kubwa hata kuliko lugha ya vichwa vya somo. Lugha ingerekebishika mapema kama neno lingekuwa na njia ya kwenda chini.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa Kihindi aliyetoa kanuni zake tano mwaka wa 1931, aliweka kanuni ya nne kuwa ni kuokoa muda wa msomaji. Tunaifundisha kila mwaka kwa wanagenzi wetu. Binti huyu alipoteza siku nne kati ya siku kumi na nne alizopewa.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Waraka uliomfaa kuliko yote, mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa mwaka wa 2017 hadi 2027, ulikuwamo maktabani muda wote. Unaeleza kuwa Kenya ina kama hekta 61,000 za mikoko na kuwa zaidi ya nusu, karibu asilimia 61, ziko Lamu. Lakini ni waraka wa serikali, na nyaraka za serikali zimefungiwa katika chumba cha Mkusanyo wa Afrika, ambacho hakimo katika vitengo vinne. Hakuna dawati lililomtajia chumba hicho. Nilipowauliza wenzangu baadaye, wawili walisema walidhani wa kitengo kingine ameshamwambia.

Asubuhi yake tulikwenda kwa babu yake, ufukweni. Nilikuwa nimebeba kalamu, nia yangu ni kuandika maneno ambayo mtu angeyatumia kutafuta. Palikuwa na miti imelazwa kwa mafungu, maganda yake mekundu-kahawia bado yana unyevu wa maji ya chumvi. Nikaonyesha fungu moja nikasema boriti hizi nzuri. Mzee akanitazama kwa huruma.

"Hizi si boriti, mwanangu. Haya ni mazio."

Akatupitisha fungu kwa fungu. Nyembamba kabisa ni fito, za kufungia kuta za udongo na makuti. Kisha pau. Kisha mazio, unene wa kama sentimita 8 hadi 11. Kisha ndiyo boriti. Juu yake nguzo, na banaa ndiyo nene kupita zote. Huuzwa kwa korja, na korja ni ishirini. Miti yenyewe si mmoja: kuna mkoko, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, na kila mmoja ana kazi yake. Alinishikisha ya mkoko na ya mkandaa, moja mkono huu na nyingine mkono wa pili, nisikie uzito. Mjukuu wake alikuwa akiandika upesi kuliko mimi. Hayo yote aliyajua tangu utotoni na hayakuwa yamemjia kuwa ni maarifa ya kuulizia maktabani.

Mimi nami, mzaliwa wa hapa, nimeorodhesha vitabu miaka mingi bila ya kujua tofauti ya mazio na boriti. Tangu asubuhi ile sijathubutu kujiita mtaalamu wa mkusanyo wa Pwani.

Niliporudi kazini nilikiwasilisha kisa hiki kwenye kikao cha wakuu wa vitengo. Mjadala ulikuwa mrefu. Mwenzetu mmoja, ninayemheshimu sana, alipendekeza tuvitoe vitabu vyote vya Pwani kutoka vitengo vinne tuviweke chumba kimoja. Alitaja mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho maktaba yake ina mkusanyo wa Afrika Mashariki uliotengwa na kutunzwa, pamoja na miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo J. W. T. Allen alichapisha orodha yake mwaka wa 1970. Mkusanyo ule ni hazina, na mtafiti wa tungo za zamani hawezi kuupita.

Nilimpinga, na bado nampinga. Miswada ina haki ya chumba chake, kwa sababu karatasi zake ni dhaifu na nakala ni moja. Kitabu cha nyumba za mawe za Lamu ni jambo jingine. Kikitolewa NA kikafungiwa chumba cha Pwani, binti wa Langoni atakipata, na kijana wa Kisumu anayesomea usanifu majengo hatakutana nacho kamwe wakati akipitisha macho kwenye rafu. Kitabu kina mwili mmoja na hukaa mahali pamoja. Majina yake ndiyo yanayoweza kuwa mengi. Niliwakumbusha pia miswada ya Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh kwetu Lamu. Ilipigwa picha za kidijitali chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na miswada yenyewe haikuondoka msikitini. Iliongezewa njia ya kuifikia, ikabaki kwao.

Hoja ya pili ilikuwa ya wanaoorodhesha, nayo ilikuwa nzito. Walisema wakianza kuongeza vichwa vya somo vya Kiswahili kila mmoja kwa mtindo wake, katalogi itavurugika. Mmoja ataandika mkoko, mwingine mikoko, wa tatu misitu ya mikoko. Ni kweli, na sisi watu wa dawatini tulikuwa hatujalifikiria. Tukaafikiana hivi: uga wa 650 wa rekodi, yaani sehemu yake yenye nambari hiyo, ambao ndio wa vichwa rasmi, hauguswi. Maneno ya Kiswahili yanaingia uga wa 653, ambao kanuni zenyewe zimeuacha wazi kwa maneno yasiyo rasmi, na yanatoka kwenye orodha moja inayotunzwa na mtu mmoja, kwa wingi na si umoja. Programu yetu ya katalogi ni Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka wa 2000, na neno koha kwa lugha ya Wamaori ni zawadi. Haikutugharimu chochote kuiagiza itafute kwenye uga huo pia.

Kila Ijumaa sasa madawati manne yanapeleka karatasi moja chumba cha nyuma. Haina takwimu, ina maneno tu: msomaji ametafuta neno gani, halikupatikana, na alikuwa akitaka nini. Daftari la maswali limeongezewa safu ya tatu baada ya "limejibiwa" na "halijajibiwa", nayo ni "limepelekwa kwingine", pamoja na jina la aliyelipokea. Mkutubi akimtuma mwanafunzi ghorofa nyingine, anampigia simu mwenzake kwanza, na yule wa pili ndiye mwenye swali tangu hapo. Safu hiyo ya tatu ilipata upinzani kuliko yote, kwa sababu inapunguza hesabu ya maswali yaliyojibiwa na kila kitengo. Mkuu wa maktaba aliipitisha, nami namshukuru.

Binti mwenyewe tulimtengenezea mwongozo wa ukurasa mmoja. Unaanza na maneno ya babu yake, na mbele ya kila neno kuna nambari za rafu na ghorofa, kutoka QH hadi VM, pamoja na chumba cha nyaraka za serikali. Sura yake ilichelewa kwa siku tisa, na msimamizi alikubali. Mwongozo huo sasa uko kwenye madawati yote manne, na umeshatumiwa na mwanafunzi wa uchumi anayechunguza katazo la kukata miti la Februari 2018.

Majarida hatujayaweza. Makala nyingi juu ya mikoko ziko kwenye hazina za mtandaoni ambazo maktaba za vyuo vya Kenya hulipia kwa pamoja, na vichwa vyake vya somo haviko mikononi mwetu. Huko neno boriti halitaonekana hata tuandike nini katika katalogi yetu. Aidha, kuzifungua kutoka Lamu kunahitaji mtandao ulio imara, na siku nyingine ulikuwa ukikatika kabla ukurasa haujafunguka. Kwa sasa anaandika orodha ya anachokitaka, ananitumia, nami nampelekea.

Juzi alinitumia ujumbe kutoka kwao. Babu alikuwa amesomewa ule mwongozo wote, kuanzia fito. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza habari ya miti iliyopinda kiasili ambayo mafundi huchagua kwa mataruma, yaani mbavu za vyombo, ambayo haihesabiwi kwa unene wala kwa korja. Nikashuka chumba cha nyuma na karatasi ya Ijumaa, nikaandika: mataruma, VM, na pia SD.